Jamu ya Madanzi ya Manubia

Msimu wa maua ya madanzi, yale machungwa machungu, mji wote wa Nabeul, Tunisia, unanukia, na zamani Hedi hakukaa ndani hata siku moja. Miaka thelathini na minane yeye na mkewe Manubia walitandaza mashuka chini ya miti, wakachuma maua ya kutengenezea marashi. Madanzi yenyewe Manubia aliyapika jamu. "Chuma, mume wangu," alikuwa akimtania, "maua hayatajichuma kwa wewe kunitazama mimi." Raha ilioje siku zile!

Sasa Manubia ni marehemu. Kansa ya mapafu ya Hedi ilikwisha kuvizoea vidonge vya kwanza, ikabaki njia moja: hospitali moja ya Tunis iliyokuwa inaanza kujaribu dawa mbili kwa pamoja. Wagonjwa walikuwa sita, dozi inaanza ndogo, inapandishwa kidogo kidogo.

Wiki ya tatu nesi Sihem alimjia kakunja uso.

"Baba, dawa kwenye damu yako ni mara tatu ya wenzako. Ini linaumia. Daktari anafikiria kukutoa."

"Mnitoe niende wapi, mwanangu?"

"Sema kweli. Umekula balungi? Danzi? Hayo huzidisha dawa kwenye damu."

"Si nilikujibu siku ya kwanza? Nani anakula danzi? Umeniona mbuzi?"

Sihem akacheka bila kutaka. Hedi, ambaye hajui kumwacha mtu akae mbele yake mdomo mtupu, akatoa chupa na kijiko mfukoni. "Onja kwanza, ndiyo tugombane. Mimi kila asubuhi namezea vidonge."

Sihem akaona vipande vya maganda. "Jamu ya nini hii?"

"Ya madanzi," Hedi akasema, ndipo akashtuka. Hakuwa amedanganya. Kwao danzi ni maua, na ni jamu. Tunda la kula hakuna aliyewahi kuliita.

Sihem akakimbia kwa daktari, akarudi anahema. "Utapumzika siku kumi, damu ikitulia unaanza tena. Nafasi yako ipo. Lakini hii, baba, hata kulamba kijiko, hapana."

"Ndiyo chupa ya mwisho aliyopika Manubia," Hedi akasema. Miaka miwili alikuwa akila jamu aliyoiacha mkewe, kidogo kidogo, isiishe. Akalia, wala hakujificha.

Kisha akamsogezea kijiko. "Kula wewe, basi."

Sihem akala. Hedi akamkazia macho.

"Uchungu unakuja mwanzo au mwisho?"

"Mwisho, baba. Baada ya utamu."

"Ndiyo yake hiyo," akasema Hedi. "Kula tena."