Hongera Nisizozitaka

Nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta asubuhi, natarizi shingo ya kanzu ya mteja, pale kioo kizima kilipogeuka buluu na maneno yakatokea: hongera, kompyuta yako imestahiki kupewa mfumo mpya, bila malipo. Pembeni yangu mashine ya kutarizi iliendelea kupiga sindano, utadhani hakuna lililotokea. Niliyasoma maneno yale mara mbili. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema "sasa hivi", cha pili kilisema "leo usiku". Cha kusema hapana sikukiona.

Kwanza nilifurahi, sikatai. Hongera ni hongera, na nyumbani kwetu Msambweni hazigawiwi kila siku. Lakini kabla sijagusa kitu nilimpigia simu rafiki yangu wa Waa, ambaye hutarizi beji za sare za shule kwa mashine ya aina moja na yangu. Aliniuliza hali za watu wa nyumbani, mmoja mmoja, nami nikamuuliza za kwake, ndipo nikamweleza habari yangu.

"Usikubali," alisema. "Mimi nilikubali mwezi uliopita. Kompyuta imekuwa nzuri, inang'aa, lakini haiijui mashine tena. Haziongei. Sasa juu ya ile mashine napanga sufuria."

Mashine yangu ilikuwa ya hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikitarizi jina lake kwenye taulo na foronya zote. Hoteli ilipofungwa na vyombo vyake kuuzwa uani, niliichukua mashine pamoja na kompyuta yake na sidii ya programu ya kuchorea maua. Waliotengeneza programu ile waliacha kazi hiyo zamani, na hawakuacha mrithi. Inaelewana na mfumo wa zamani wa kompyuta tu. Ukibadilisha mfumo, programu haifunguki, na programu isipofunguka hakuna wa kuiambia sindano iende wapi. Basi mimi, niliyekuwa mpiga chapa wa ofisi moja Kwale mjini mpaka nikastaafu, nikajikuta nina kazi mpya ya kukataa zawadi kila siku.

Maana ujumbe haukuchoka. Ulikuja asubuhi, ukaja baada ya chakula cha mchana. Niligundua kwamba pembeni juu kulikuwa na alama ndogo ya mkasi, vijistari viwili vilivyokatana, na ukiibofya hongera zinaondoka hadi kesho yake. Ningekuwa peke yangu, mambo yangeishia hapo. Lakini kompyuta ile tulikuwa tukiitumia wawili.

Mume wangu alifanya kazi miaka thelathini kwenye mlango wa hoteli, akipokea wageni. Katika kazi ile mgeni hasikii neno hapana. Mgeni akiuliza kama kesho mvua itanyesha, huambiwa inshallah haitanyesha, hata kama mawingu yamefika kwenye paa. Sasa amestaafu, lakini ulimi wake haujastaafu. Muuza samaki hapiti mlangoni kwetu bila kuuza angalau mmoja. Kila asubuhi, kabla sijaanza kutarizi, mume wangu alikuwa akikaa kwenye kompyuta kusoma habari za mpira na matangazo ya vifo. Nilijua kwamba akiombwa kwa adabu, atakubali.

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa USIKUBALI, nikaibandika juu ya kioo.

"Nisikubali nini?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya mfumo, programu na mashine ya Waa yenye sufuria. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nimjibuje akiniuliza?"

"Usimjibu. Bofya ule mkasi pale juu."

"Nimfungie mlango usoni bila neno?"

"Si mtu, ni kompyuta."

Alitii, ila kwa njia yake. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni akisema taratibu, "Samahani sana, labda siku nyingine," kisha sauti ya kipanya ikibofya.

Mambo yakaenda hivyo hadi alipokuja mama mmoja kutoka Jego. Binti yake alikuwa anaolewa Waa, na arusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Alifungua mkoba, akatoa kanga kuukuu iliyofifia mpaka ikawa laini kama bafta. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Kwenye pindo kulikuwa na mchoro wa korosho, lakini si korosho hizi za kila kanga. Kila moja ilikuwa na kikonyo kilichojipinda, na ndani yake ua dogo la asumini.

"Nataka mchoro huu kwenye foronya kumi na mbili," alisema. "Mama alitaka amwone mjukuu wake akiolewa. Hakujaaliwa. Basi angalau korosho zake zifike."

Nilitumia siku nne kuuchora ule mchoro kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, kanga nimeitandaza mapajani. Sijapata kuchora kitu kwa uangalifu namna ile. Jumanne ya wiki ya arusi foronya nne zilikuwa tayari, na zilinipendeza mpaka nikawaita majirani wazione.

Jumatano asubuhi nilitoka kwenda kununua uzi, maana mwekundu ulikuwa unakaribia kwisha. Niliporudi nilimkuta mume wangu amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyesindikiza mgonjwa hospitali. Kioo kilikuwa buluu tupu. Katikati kulikuwa na duara lililozunguka na maneno yaliyosema kazi imefika asilimia thelathini na moja, tafadhali usizime kompyuta.

"Umefanya nini?"

"Nimebofya mkasi, kama ulivyoniambia."

"Mkasi haufanyi hivi. Umekubali."

"Wallahi nimebofya mkasi."

Sikumwamini. Tulikaa hapo, mimi nikifoka, mpaka duara likamaliza safari yake. Kompyuta ikaamka na picha mpya na rangi mpya, ikanikaribisha kwa jina langu. Nikabofya programu ya maua. Ikafunguka nusu, ikafa. Nikabofya tena, ikafa tena. Mashine ya kutarizi nayo ilikuwa imewasha taa moja tu, ile ya kusema haimwoni mtu. Mchoro wa korosho ulikuwa mle ndani, jina lake naliona, lakini haukuwa na mlango wa kutokea.

Nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema. "Miaka thelathini umewafungulia watu milango, na leo umewafungulia mlango wangu."

Alinitazama, akachukua kofia yake, akatoka. Nilidhani amesusa, na moyoni nikaona afadhali asuse. Nikakaa na foronya zangu nane tupu, nikianza kupanga maneno ya kumwambia mama wa Jego.

Haikupita nusu saa nikasikia gari uani. Mume wangu alikuwa amekwenda kwa jirani anayepeleka bixa Ukunda, zile mbegu nyekundu za kutilia rangi, akamwomba atuchukue. "Pana fundi wa kompyuta kule, alikuwa mapokezi hotelini kwetu," aliniambia. "Ninamjua. Funga nyaya zako twende."

Tulikwenda na pikapu, mimi mbele na kompyuta mapajani, yeye nyuma juu ya magunia ya bixa. Njia nzima sikugeuka kumtazama. Tulipofika Ukunda alishuka akiwa na viganja vyekundu kama bibi arusi aliyekosewa hina, na nilizuia kicheko kwa sababu nilikuwa bado nina hasira.

Fundi alikuwa mwanamke wa bara, umri wake kama wa binti yetu mkubwa, ana duka dogo lenye feni mbili. Alimpa mume wangu shikamoo kwa lafudhi ya kwao, akanivutia kiti.

"Mama, usijali," alisema baada ya kupekua kidogo. "Hii mfumo ya kitambo haijafutwa. Imewekwa tu stoo. Ukikuja baada ya mwezi ungeikosa, lakini leo tutairudisha."

Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Tukangoja. Alitununulia madafu, na mume wangu akamuuliza habari za wenzao wa zamani wa hotelini, nani yuko wapi. Hatimaye kompyuta ikaamka na sura yake ya zamani, ile picha ya kilima cha majani niliyoizoea. Hata hatujashangilia, zikatokea tena: hongera.

"Ngoja, ngoja," fundi alisema, akauzuia mkono wangu. "Hebu tuisome kwanza." Akasogeza uso karibu na kioo, kwenye maandishi madogo ambayo mimi sikuwahi kuyasoma. "Hii si ile ya mwanzo, wameibadilisha. Hapa wanasema saa ya kubadilisha mfumo imeshapangwa. Ukifunga na hii mkasi, umefunga tangazo tu. Saa yao iko palepale."

"Kwa hivyo aliyebofya mkasi..." nilianza.

"Amekubali. Hakuna mahali pa kukataa, mpaka ubonyeze haka kaneno kadogo hapa chini."

Mume wangu alicheka kwanza, tumbo likamtikisika. "Basi amenihesabu kama mwari mbele ya kadhi," alisema. "Kunyamaza kwangu ndiyo ridhaa yangu."

Fundi hakuielewa, ikabidi tumweleze kwamba kwetu msichana akiulizwa kuhusu posa akanyamaza kwa haya, kimya chake huchukuliwa kuwa ameridhia. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mtu wangu alifanya lile nililomwambia, kwa alama niliyomwonyesha mwenyewe, nami nikamtukania miaka thelathini ya kazi yake.

"Nisamehe," nilimwambia, palepale mbele ya fundi. "Nimekusema vibaya."

"Yameisha," alisema. Kisha, baada ya kunywa dafu kidogo: "Lakini hata sisi hotelini, mgeni akisema asisafishiwe chumba, hasafishiwi. Tulikuwa na kibao cha kuning'iniza mlangoni."

Fundi alizima huduma ile inayoleta mifumo mipya, akatuonyesha kila hatua, nikaziandika kwenye daftari. Kisha akanionya kwa dhati. Mfumo wa zamani usioletewa marekebisho, alisema, ni kama nyumba ambayo kufuli lake wezi wanalijua. Nisiweke humo neno la siri la benki wala kufungua barua za watu nisiowajua. Kama ninaitaka kompyuta kwa kutarizi tu, bora niikatie mtandao kabisa, na michoro niilete kwa flashi.

"Kata," nilisema. Nikamtazama mume wangu, maana habari zake za mpira zilikuwa mle. "Unaonaje?"

"Kata," naye akasema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiamua jambo haraka hivyo.

Alhamisi nilitarizi kutwa, naye akinikatia nyuzi na kunikunjia foronya. Ijumaa kabla ya watu kwenda msikitini, foronya ya kumi na mbili ilitoka kwenye fremu ya mashine. Hapo ndipo nilipoona alama nyekundu kwenye pembe ya mojawapo, kidole cha mtu mzima. Bixa haitoki kwa sabuni ya siku moja. Mama wa Jego alipofika alasiri nilimweleza ukweli wote, tangu hongera mpaka magunia. Aliigeuza foronya, akaitazama.

"Weka korosho nyingine hapo juu," alisema. "Na pembe ya upande wa pili weka nyingine, ionekane tumekusudia."

Nikaweka. Jumamosi tulikwenda Waa, tukala pilau, na mume wangu akakaa na wazee waliomuuliza kwa nini ametia hina.

Kompyuta haijapata mtandao tena tangu siku ile, na haina habari ya jambo lolote. Magazeti yamehamia kwenye simu. Mume wangu alilalamika wiki nzima kuwa herufi ni ndogo, mpaka mtoto wetu mmoja akamkuzia. Sasa huleta kiti chake karibu na mashine, na kwa kuwa mimi macho yangu yako kwenye sindano, hunisomea kwa sauti. Hunisomea matokeo ya mpira, ambayo siyataki, halafu waliofariki, ambao nusu yao ni jamaa zetu. Mashine ikifika mahali penye mishono mingi hupiga kelele kubwa, naye hunyamaza, huweka kidole kwenye mstari alipofika, na hungoja mpaka ua likamilike.