Kifundo Kilichopona Nusu

Nakumbuka asubuhi ile aliyooshwa mama yangu, mwanangu. Kila nimwonapo kijana anachechemea huku anasema "nimeshapona", asubuhi hiyo hunirudia.

Tulikaa Mkunya, huku juu Newala, na zamani hizo maji tuliyafuata bondeni. Kushuka kulikuwa na nafuu, kupanda usiulize. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Msimu wa korosho ulipofika nikaenda kuokota mapema, umande haujakauka, nikakanyaga bibo lililooza. Mguu ukapinda, kifundo kikavimba. Zahanati walinitazama, wakasema mfupa ni mzima, kilichoumia ni kano.

Mjomba wangu Athumani, kaka yake mama, alikuwa amefanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa hospitalini Masasi kwa miaka mingi. Na kwetu mjomba akisema, amesema. Uvimbe ulipopungua alinikalisha kwenye kigoda, akaniambia niandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, alifu mpaka yee. Kisha nipitishe kanga chini ya wayo, niuvute mguu taratibu kuja kwangu. Akakata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, akaufunga kwenye tendegu la kitanda ili niuvute kwa mguu, ndani na nje. Mwisho nisimame kwa mguu ule mmoja karibu na mwimo wa mlango, mkono tayari kushika, nihesabu mpaka thelathini. Nikizoea, nisimame juu ya gunia lililokunjwa. Asubuhi na jioni, wiki sita.

Nilifanya siku nne. Mawifi zangu walinikuta nimesimama kwa mguu mmoja, wakaniuliza nimekuwa korongo tangu lini. Nikaona haya. Tena maumivu yalikuwa yamekwisha, sasa ya nini kujisumbua? Mjomba akija, namwamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akiniuliza habari za mazoezi namdanganya. Mama alikuwa akinitazama tu. Siku moja akaniambia, "Somoe, mguu ni wako, lakini wanaoutegemea si wewe peke yako." Nikaitikia, kisha nikapuuza.

Mvua za kwanza zilipoanza, mama akaugua, wala hakuugua siku nyingi. Alifariki alfajiri. Wanawake wakajitwisha ndoo kwenda bondeni kufuata maji ya kumwoshea. Mfiwa hukaa mkekani, nalijua hilo, lakini niliwaomba wazee ndoo moja iwe yangu. Mama alinipandishia maji mlima ule tangu nikiwa mgongoni mwake. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Wakanionea huruma, wakaniruhusu.

Katikati ya mlima kifundo kikalegea. Hapakuwa na jiwe wala utelezi, wala sikusikia maumivu yoyote ya kunionya. Kilikosa nguvu tu. Ndoo ikaenda chini, na maji yakazama mchangani kabla sijainuka. Wenzangu wawili wakanishika, wengine wakaendelea na safari, maana maiti hacheleweshwi. Mama akaoshwa kwa maji ya majirani. Nilifika nikamkuta ndani ya sanda. Nililia, mwanangu, na nusu ya kilio kile ilikuwa aibu.

Tulipomaliza matanga, kifundo kikiwa kimevimba tena, mjomba alikuja akaketi karibu yangu. Hakupandisha sauti.

"Maumivu yaliondoka, ukadhani nguvu zimerudi," alisema. "Hayo ni mambo mawili. Na mimi uliniambia unafanya."

"Nilikudanganya, mjomba."

"Najua. Uvimbe ukishuka, tunaanza tena."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengine huisema tu methali hiyo, mimi niliichechemea miezi mitatu. Safari hii nilisimama mlangoni mchana kweupe, na mawifi wakacheka mpaka wakachoka.

Basi nisikilize. Ukiteguka na huwezi kukanyaga, nenda kwanza ukapimwe, usijifanye shujaa. Ukiambiwa mfupa ni mzima, pumzika, kisha uufundishe mguu kazi yake upya, kidogo kidogo kila siku. Kanga unayo, na kipande cha tyubu fundi baiskeli yeyote atakupa. Usiache kwa sababu maumivu yameacha. Hata sisi wazee tusimame mlangoni tujipime, kwani uzee huanza kutuangusha kabla haujatuua. Na anayekuuliza hali yako kwa mapenzi, usimdanganye. Uongo ule ulinielemea kuliko ndoo.

Mwenyezi Mungu akupe mguu imara na moyo unaosikia. Siku mtu wako atakapokuhitaji kwa mara ya mwisho, akujalie ufike, na ulichombebea kiwe bado kichwani.