Kigoda Nyuma ya Darasa

Habari ilimfikia Dobi akiwa na pasi mkononi, tena haikuja kama habari. Ilikuja kama swali la ofisini.

"Pole sana, dada," mkuu wa shule alisema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo. "Samahani kukusumbua wakati kama huu. Marehemu aliweka wapi ufunguo wa kabati?"

"Marehemu gani?"

 Mkuu akaeleza, kwa adabu zote, kwamba hospitali ilipiga simu shuleni asubuhi ile, kwa kuwa pale penye nafasi ya ndugu wa karibu mgonjwa alikuwa ameandika namba ya shule. Yeye alidhani familia imeshajua. Ni presha. Hakuteseka. Sasa, kuhusu ule ufunguo.

Dobi alimalizia mkono wa shati uliobaki, maana shati la mteja halikuwa na kosa lolote. Akachomoa pasi, akakaa juu ya kapu la nguo chafu, akamwomba Mungu ampokee dada yake mkubwa na amsamehe kwa kuandika namba ya shule.

Dada huyo alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza katika shule moja ya msingi. Hakuwahi kuwa mkuu, wala msaidizi wa mkuu, wala mweka hazina wa chai. Watu wote walimwita Mwalimu Kigoda, kwa sababu ya kigoda cha mbao alichokibeba kwapani kutoka darasa hadi darasa. Alikuwa anakaa nyuma kabisa na kuwaangalia walimu wapya wakifundisha. Wenzake waliuona mtindo huo kama ugonjwa fulani usioambukiza, kwa bahati nzuri.

Shuleni pale malezi ya mwalimu mpya yalikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ulikuwa umenyooka. Kila mwalimu mpya alipewa mlezi na jalada lenye fomu kumi na mbili, moja kwa kila wiki. Mlezi alitakiwa akae darasani, aangalie, aandike, kisha wazungumze. Ili kuokoa muda, walezi walizijaza fomu zote kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, siku ya mwisho, kabla ya chai ya saa nne. Walitumia kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na moja inayoelekea kukauka, ili wiki zisifanane. Ufundi huo ulifikia kiwango cha juu sana. Mwaka mmoja jalada lilimsifu mwalimu kwa somo zuri la wiki ya saba, wiki ambayo shule ilifungwa kwa mafuriko na madawati yalikuwa yanaelea. Jalada lile lilipata cheti cha pongezi, na cheti kikatundikwa ofisini, juu kidogo ya alama ya maji.

Mwalimu Kigoda mwenyewe alikuwa amelelewa hivyo. Mlezi wake alimwonyesha choo cha walimu, akamwonyesha darasa la watoto themanini, akaenda kunywa chai kwa miaka mitatu. Mwaka ule wa kwanza alikuwa akijifungia stoo ya chaki na kulia, kisha anajipangusa na kutoka akiwa mweupe kama ametumbukia kwenye gunia la unga. Mtu pekee aliyejua ni Dobi, kwa kuwa ndiye aliyezifua zile nguo.

"Siku nikiwa mtu mzima pale," alimwambia mdogo wake, "hakuna atakayelia stoo peke yake. Akitaka kulia, alie mbele yangu, nimwambie analia kwa kosa gani."

Na ndivyo alivyofanya. Alipokaa nyuma hakuandika mwalimu amevaaje wala amesimamaje. Aliandika watoto wamefanya nini. Kipindi kikiisha anasema jambo moja tu la kurekebisha kesho, hata kama yapo ishirini. Kisha wanabadilishana. Mwalimu mpya anapewa kigoda, mlezi anakwenda ubaoni. "Leo wewe ndiye mkaguzi. Niambie nimeharibu wapi, na usinionee haya." Wengine walidhani ni mtego. Haukuwa mtego, alikuwa anaharibu kweli.

Mwaka wake wa mwisho alipewa binti wa hesabu waliyembandika jina la Mnong'ono, kwa sababu sauti yake ilikuwa haivuki safu ya pili. Mkuu alishasema hafai. Mwalimu Kigoda akachukua kigoda chake. Sauti ilipofifia, aliinua kiganja polepole kule nyuma, kama mtu anayepandisha pazia, na binti akapandisha sauti. Walifika wiki ya tisa. Katika wiki ya kumi Mungu akamwita mlezi.

Jioni ya siku ya msiba mkuu alifika nyumbani kwa Dobi na walimu wawili. Alitoa rambirambi, akaomba maji, akauliza mazishi ni lini.

"Ijumaa," Dobi alisema.

"Vizuri. Mwaka huu afisa elimu anakusanya majalada mapema, la yule binti linatakiwa Jumatano." Mfukoni mwa shati lake zilichungulia kalamu tatu. "Zimebaki wiki tatu tu, dada. Tunajaza, tunamalizia na sahihi ya marehemu, binti anathibitishwa kazini. Mwenyewe angefurahi."

"Mwenyewe yuko mochwari. Wiki ya kumi na mbili atakaaje nyuma ya darasa?"

"Ni karatasi tu, jamani."

"Kama ni karatasi tu, mbona umeanza kuulizia kabla hajapoa?"

Mwalimu mmoja akakohoa. Mkuu akaweka glasi chini. "Bila jalada kamili binti anakosa kazi. Mimi simo."

Ufunguo wa kabati lenye jalada ulikuwa kwenye mkoba uliotoka hospitalini, pamoja na miwani na kitabu cha sala. Akiutoa, binti wa watu anapata kazi, na maneno ya mwisho ya dada yake duniani yanakuwa uongo wa kalamu tatu. Akiuficha, dada anabaki safi na binti anafukuzwa. Dobi aliomba aonyeshwe njia. Njia ilikuwa jikoni, inaitwa Mnong'ono, inaosha vyombo vya waombolezaji.

Asubuhi alikwenda na Mnong'ono shuleni, wakafungua kabati. Jalada lilikuwa na fomu tisa. Wiki ya kwanza: *Safu ya tatu hawakusikia kitu. Wawili wamelala. Ubao umefutwa kabla hawajanakili.* Wiki ya tisa: *Safu ya mwisho wamesikia. Mmoja bado amelala, ila huyo hulala hata kwangu.*

"Kazi ni yako, mwanangu," Dobi alisema. "Unataka tufanyeje?"

"Naitaka, mama mdogo, sitakudanganya." Binti alinong'ona, kama kawaida yake. "Ila wakipika hizo tatu, hata hizi tisa zitaonekana zimepikwa. Tupeleke tisa."

Waliondoka nalo wenyewe. Afisa elimu aliteremsha miwani kutoka kwenye paji la uso, akasoma fomu ya kwanza, akashtuka. Hakuwahi kuona jalada lenye kosa.

"Huyu alifukuzwa?"

"Ndiye huyu hapa," Dobi alisema. "Alikuwa anajifunza."

Afisa akasoma mpaka mwisho, akamcheka yule aliyelala. Akasema kwa fomu tisa hawezi kumthibitisha mtu, na kwa fomu kama hizi hawezi kumfukuza. Anaongeza wiki tatu, ila akae mtu kweli. "Nani ana nafasi?"

"Mkuu wa shule," Dobi alisema. "Kalamu anazo."

Afisa akaandika hivyo na kugonga mhuri.

Alhamisi mkuu alikaa nyuma ya darasa la hesabu. Kiti hakikuenea, ikabidi akalie kigoda. Wanasema aliinuliwa na wanafunzi wawili. Wanasema pia alijaza nusu ukurasa kwa kalamu moja.

Ijumaa walizika. Mkuu alisoma hotuba ya shule iliyomtaja marehemu kuwa mwanamichezo hodari, kwa vile ilikuwa ndiyo ya mwalimu aliyezikwa mwaka uliopita. Kisha akasimama Mnong'ono na karatasi yake. Dobi alikuwa amekwenda nyuma kabisa ya watu, karibu na uzio. Hakusikia kitu. Akainua kiganja, polepole. Binti akamwona, akaanza upya, na safari hii maneno yakafika: kwamba mlezi wake hakumwambia hata siku moja kwamba ni mzuri, alimwambia tu kesho arekebishe nini.

Mchungaji akasali. Wanaume sita wakateremsha jeneza kwa kamba. Dobi akatupa udongo mara tatu, akawapisha wengine. Kaburi likafukiwa, likawekwa msalaba wa mbao wenye jina na miaka. Wakaimba wimbo mmoja, wakasema amina, wakaondoka. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.