Na Baba Neema Hadi Ziwa Linapogeuka Mto

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi wa injini kwenye vivuko vya Mwanza mpaka alipostaafu. Miaka miwili baadaye miguu ikaanza kumgomea. Daktari alituambia wazi kuwa ni ugonjwa wa neva, na nguvu iliyokwisha kupotea haitarudi. Tulipofika nyumbani siku ile, akasema, "Mama Neema, nimelitumikia ziwa hili maisha yangu yote, na sijawahi kuona linapomwagika kuwa mto. Twende Jinja wakati bado naweza kusimama."

Watoto hawakupenda. Neema, binti yetu mkubwa, alimwonyesha video ya Jinja kwenye simu. "Baba, si ndiyo hii? Kuna haja gani ya kwenda mpaka Uganda?"

"Maji ya kwenye simu hayalowanishi," akamjibu, na kikao kikaishia hapo.

Asubuhi ya safari alivaa suti yake ya kijivu, ile ya kanisani. Nilimwambia suti itachafuka, akasema haendi kulima. Tulipita Usagara kwa basi, tukapanda daraja jipya linalovuka kwenda upande wa Sengerema. Hapo chini ndipo alipofanya kazi, kivuko kikienda na kurudi. Nilidhani atahuzunika. Aliegemea kioo akatazama, akasema tu, "Wamejenga vizuri."

Bukoba tulilala kwa dada yangu. Alitupikia ndizi kwa samaki, akamtandikia shemeji yake kitanda cha chini. Kulipokucha tukaendelea na safari.

Mpakani Mutukula kulikuwa na foleni. Baba Neema aliegemea magongo yake, mimi nikamshika mgongoni. Mwanamke mmoja tuliyekuwa naye kwenye basi akaniuliza kwa huruma, "Mama, unampeleka mzee hospitali gani?"

Kabla sijafungua mdomo, mwenyewe akajibu. "Sipelekwi, mwanangu. Nakwenda kutembea."

Yule mwanamke akaona haya, akamwamkia shikamoo. "Marahaba," akaitika kwa sauti ya mtu mwenye afya zake.

Jinja tulifika tumechoka. Mwenye nyumba ya wageni, mjane aitwaye Nakato, alizungumza Kiswahili cha kuokoteza lakini chenye ukarimu. Asubuhi alitupeleka mwenyewe juu ya ukingo wa ziwa. Maji yalionekana kwa mbali, kati ya miti. Kutoka pale kulikuwa na ngazi ndefu za mawe, zimeshuka mpaka boti zinapoegeshwa, na hazikuwa na pa kushikilia.

"Mzee, wageni wengi wanaangalia kutoka hapa," Nakato alisema. "Hapa inatosha."

Mimi nami nikasema inatosha. Moyoni nilikuwa nimekwisha kugeuka kurudi. Baba Neema alizitazama zile ngazi kwa muda mrefu, halafu akanipa magongo. Akaketi kwenye ngazi ya kwanza, na suti yake, akaanza kushuka kwa makalio, akijisukuma kwa mikono ngazi moja baada ya nyingine.

Watu walisimama kutazama. Huyu ni mzee wa kanisa, mtu ambaye hata nyumbani hakubali kuonekana bila viatu. Nilimfuata nikamnong'oneza, "Baba Neema, watu wanatuona."

"Waone," akasema. "Wewe angalia nisiteleze."

Basi nikaketi. Nilikunja kitenge changu, nikaketi kando yake juu ya mawe yale yenye unyevu, tukashuka pamoja. Katikati tulipumzika, tukatazamana, tukacheka mpaka machozi yakanitoka. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo.

Kwenye boti alikaa mbele. Mwenye boti alituzungusha hadi pale ziwa linapobanwa na kuwa mto. Baba Neema aliinama atie mkono majini, nami nikamshikilia mkanda wa suruali.

"Ya kwetu yanapiga mwamba na kurudi," akasema. "Haya yana safari. Yasikie kwa kiganja, yanavuta."

Niliutia mkono wangu kando ya wake. Kweli yalikuwa yanavuta.

Tuliporudi gatini, alimwita mwenye boti na wenzake. "Vijana, kushuka nimeweza. Kupanda sitaweza. Naomba mnibebe." Alisema bila kuinamisha kichwa. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akimwomba mtu msaada. Walimnyanyua kwa kiti cha boti, naye njiani akawa anawauliza habari za injini zao.

Tulirudi Mwanza kwa njia ileile. Tangu hapo miguu imezidi kudhoofika, na sasa hata kutoka chumbani hadi barazani anahitaji mtu. Nilikuwa nikidhani kazi yangu kama mke ni kumkinga asionekane akishindwa. Kule Jinja nilijifunza kwamba anachohitaji ni mwenzake wa kuketi naye kwenye ngazi.

Majirani wakipita hunipa pole ya mgonjwa. Naipokea, maana ni utu wao. Kisha nawaambia waingie ndani wampe mwenyewe hongera ya safari.