Bugali Wangu Hauvai Sashe

Uvira hakuna sherehe bila bugali wa sashe. Ukitoka motoni tu unafinyangwa mabonge, na kila bonge linafungwa ndani ya sashe, mfuko mwembamba wa nailoni, litoe jasho humo na kubaki moto mpaka wageni wamalize hotuba zao. Wanawake wanapimana kwa hilo: wa fulani ulikuwa laini, wa fulani ulipoa. Mimi nilikataa kuufunga, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, siku ya mahari ya wifi yangu. Nikiambiwa tena leo, nitakataa tena.

Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na mtoto hajaja. Daktari tuliyemwendea alitupima wote wawili. Kwangu hakuona tatizo. Mbegu za mume wangu zilikuwa chache, na nyingi hazikuwa na nguvu. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani. Mume wangu analima nyanya bondeni, njia ya Kamanyola, na dawa ya wadudu ananyunyizia mwenyewe, kifua wazi kwa sababu ya joto.

Daktari hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema hawezi kuapa kwamba ni dawa hiyo iliyoharibu, wala hawezi kutuahidi mtoto. Lakini kuna kemikali zinazovuruga homoni, na mwili hauzai vizuri homoni zikivurugwa. Alipotuuliza tunavyoishi, akakuta nyumba yetu imejaa vitu vya kushuku: dawa ya nyanya, mafuta ya kujichubua, chakula cha moto ndani ya nailoni. Punguzeni, alisema, wote wawili.

Tukiwa njiani kurudi, mume wangu aliniomba jambo moja tu, majibu yake yasitoke nje ya chumba chetu. Nilikubali. Nilimpenda, na nilijua midomo ya ukoo wake.

Basi nikaanza na nyumba. Bidoni, lile dumu la dawa ya nyanya, lilikuwa linakaa chini ya kitanda chetu, eti kwa kuogopa wezi. Nililitoa, naye akalijengea kibanda kule shambani huku akinung'unika. Mashati ya shamba hayakuvuka tena mlango wa chumba. Alivua uani, akaoga, ndipo akaingia kunisalimu. Mawese niliyahamisha kutoka ndoo ya plastiki nikayatia kwenye chupa. Na mafuta ya kujichubua, niliyojipaka tangu usichana, niliyaacha kabisa. Uso wangu ulipoanza kurudia weusi wake majirani waliniuliza kama naumwa. Niliwaambia huu ndio uso wangu, wauzoee.

Wakati huohuo lawama yote ilikuwa yangu. Mama mkwe aliniletea mizizi michungu nichemshe ninywe. Mume wangu aliniona nikikunja uso juu ya kikombe, akatazama pembeni. Shangazi yake hata kunong'ona aliacha, alinisema nikiwa nimekaa palepale. Niliendelea kutunza siri, lakini hasira ilikuwa imeshanikaa rohoni.

Siku hiyo ya mahari, kwa mama mkwe kule Nyamianda, nilipewa sufuria kubwa la bugali kwa sababu nina mikono ya kusonga. Nilikuwa nimebeba majani ya migomba niliyoyababua motoni na vitambaa safi vya kufunikia. Shangazi akanirushia furushi la sashe.

"Funga bugali na hizi. Wageni wanafika."

"Hapana, shangazi. Bugali ya moto haiingiake mu sashe. Ile nailoni inaacha sumu mu chakula, inaharibu kizazi."

"Kizazi?" Akageukia wenzake. "Muntu hazalake, njo anatufundisha mambo ya kizazi!"

Walicheka, wengine mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka, lakini hakuwakanya. Sentensi moja ingewanyamazisha wote na nilikuwa nayo kwenye ulimi. Nikaimeza. Niliendelea kulaza majani ndani ya vikapu kana kwamba sikusikia.

Shangazi akapaza sauti kuelekea hemani kwa wanaume. "Kuya uone bibi yako! Anatupatisha haya!"

Mume wangu akaja, amevaa suti yake. Akaangalia sashe, akaniangalia mimi, akaniambia polepole, "Fanya tu vile wanasema. Leo tu."

Leo tu! Nilimtazama mtu niliyemfichia siri muda wote ule, na kwa mara ya kwanza nilimchukia.

"Nitafunga," nilisema. "Lakini kwanza uwaambie vile muganga wa hospitali alituambia. Ukishindwa weye, nitasema minye."

Sikuwa natania. Angegeuza mgongo ningesema yote, kisha ningeweka mwiko chini na kurudi kwetu. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu. Alilegeza tai.

"Tulipimwa siye wote," alisema.

"Sema kwa nguvu," shangazi akamwambia.

"Bibi yangu haiko na shida. Shida iko kwangu."

Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilianza kuungua na hakuna aliyeinuka kuitazama. Hatimaye mama mkwe alisimama, akaokota zile sashe, akazitupa nyuma ya jiko, akaniuliza majani mengine yako wapi. Tukafunika bugali pamoja. Ulipoa kidogo, sikatai. Wageni waliumaliza.

Mume wangu alininunia siku kadhaa. Sikumbembeleza. Ya kwake ilikuwa aibu ya siku moja, yangu nilikuwa nimeibeba miaka. Nilipika, nikala, nikalala, mpaka akachoka kununa mwenyewe. Mara iliyofuata alikwenda kwa daktari bila mimi kumkumbusha.

Mtoto hajaja. Huenda atakuja, huenda hapana, na sitaki huruma ya mtu. Juzi shangazi alitukuta sokoni tukinunua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alitusalimu, akauliza habari za shamba, kisha macho yake yakashuka kwenye tumbo langu.

"Na huku je, bado tu?"

Nilishafungua mdomo nimjibu. Mume wangu alikuwa kando yangu, ameshika kikapu, na safari hii hakutazama pembeni.

"Shangazi," alisema, "ile swali uniulize minye."