Koti Moja, Watu Wawili

Diwani wa mtaa wetu hapa Nakuru alikuwa na sheria moja: mkutano hauanzi mpaka makoti yote yawe mezani. Miaka ile ya sabini mwanzoni, vijana wa soko la juu na wa soko la chini waligombania vibanda, na kila mmoja alikuja na koti zito lenye simi ndani. Makoti yakirundikwa pamoja, rundo lililia kama ghala la vyuma. Huwezi kuchomoa lako bila kuinua ya wengine.

Mimi, msomi mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka darasa la ngumbaru, ndiye niliyeandika maazimio. Jumamosi moja ya Julai, baridi ilishuka kutoka mlima Menengai, hata wino ukataka blanketi. Lakini hofu yangu haikuwa ya baridi. Ndugu yangu mdogo alikuwa amepigwa jana yake na kijana wa soko la chini, mbele ya mchumba wake, na asubuhi nilimwona akinoa simi. Sasa alikaa mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Yule aliyempiga alikaa karibu, akitabasamu.

"Kijana, koti," diwani akasema.

"Nina homa, mheshimiwa."

"Homa ya leo ama ya jana?" akauliza yule mwenye tabasamu.

Wenzake wakacheka. Ndugu yangu akaingiza mkono ndani ya koti. Moyo wangu ulipiga hadi nadhani watu wa mji wa Elburgon waliusikia.

Diwani, aliyebaki na shati tu, meno yakigongana, akashuka jukwaani. "Hata mimi naumwa. Sogea, ndugu." Akafungua vifungo viwili, akajipenyeza ndani ya koti lile, akamkumbatia kiunoni. "Haya. Nani anaanza?"

Wakakaa hivyo mkutano mzima, vichwa viwili koti moja. Diwani akiinama, ndugu yangu anainama. Ikakubaliwa vibanda vishikwe kwa zamu. Mengine sikuyaandika, macho yangu yalikuwa kwenye ule mkono wa diwani usioonekana.

Jioni ndugu yangu aliingia nyumbani na shati tu.

"Koti liko wapi?" mama akauliza.

"Nimemwachia mzee diwani. Ana baridi kweli yule."

Mama akamsogezea kigoda karibu na moto. Mimi nikamtazama kiunoni. Palikuwa na mshipi peke yake, bila simi.