Kipande Namba Arobaini na Saba

Kaka yangu watu wanamwita Milimita, na mimi ndiye niliyembatiza. Nilichoka kuishi na mtu anayepima kila kitu kwa rula ya chuma, hadi kipande cha sabuni. Jeshini aliendesha magari ya deraya miaka kumi na sita, akarudi nyumbani kimya, na tangu hapo kazi yake ni kuyaunda upya, ya plastiki, madogo ya kukaa kiganjani.

Tunatumia chumba kimoja cha kazi. Cherehani yangu iko dirishani, meza yake iko ukutani, na katikati kuna mstari wa chaki nilioupiga mwenyewe siku nilipokuta gundi yake kwenye gauni la bibi harusi. Vipande vinakuja ndani ya boksi, vimeshikana kwenye fremu zao, kila kimoja na namba yake. Anakata kwa kisu, anasugua kwa msasa, anashika kwa kibano, anabandika. Kisha anaanza kuchafua, na hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa. Mtu anapaka rangi safi siku tatu, halafu wiki mbili nzima anaweka kutu, tope la magurudumu, michubuko na madoa ya mafuta chini ya injini. Anasema gari lisilo na uchafu halijaenda popote.

Mimi ndiye ninayefagia, kwa hiyo mimi ndiye niliyegundua. Kila akimaliza gari, fremu anazitupa kwenye debe la taka, na kila mara kuna moja iliyobaki na kipande kimoja, namba arobaini na saba, kidogo kuliko punje ya mchele. Nilimuuliza kama kiwandani wanampenda kiasi cha kumzidishia. Akasema ni cha ziada tu. Nikamwambia mimi nikisahau kifungo, mteja ananirudishia nguo na maneno juu yake. Hakucheka. Rafuni tulikuwa na magari kumi na moja, yote ya aina moja, na mimi na mdomo wangu wote sikuwahi kuuliza tena.

Basi miezi minane iliyopita akaja mke wa Sajini kupunguza kiuno cha sketi. Sajini alikuwa rafiki wa kaka, na alikuwa amekaa nyuma ndani ya gari la kaka siku lilipolipuliwa. Kaka alitokea juu, kwenye mlango wa dereva. Sajini hakutoka. Miaka kumi na tisa kaka hakukanyaga kwa yule mama. Akimwona barabarani anavuka upande wa pili, na mimi nabaki nikimsalimia kwa niaba ya ukoo mzima.

Siku hiyo kaka alikuwa kliniki ya macho. Yule mama akasimama mbele ya rafu, pini zangu zikiwa bado kiunoni mwake, akatazama weee, hadi mguu wangu niliokuwa nimepigia goti ukafa ganzi. Akasema anahamia kwa binti yake, mbali, na hadhani atarudi. Kabla hajaondoka alitaka gari la mwisho la mumewe, lile lile, kama lilivyokuwa siku ile. Akatoa kwenye mkoba picha ya Sajini ameegemea ubavu wa gari, akaniachia.

Nilipomfikishia kaka ujumbe hakula mchana wala jioni. Kesho yake akafungua boksi jipya.

Sijui nani alichoka zaidi miezi ile. Macho yake yana ukungu na mkono wake wa kulia unatetemeka. Gurudumu likimponyoka, tunapiga magoti wote wawili na tochi, mtu na dada yake, jumla ya miaka mia moja na ishirini na tano, tunapapasa sakafu na kulaumiana. Kuna jioni tulibaki tumekaa gizani kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinuka kuwasha taa. Alibandika, akabandua. Alipaka tope, akalifuta, akalipaka tena. Nilijua hakuna kinachomshinda kwenye lile gari. Alikuwa anaogopa kulimaliza, maana likiisha itabidi amtazame yule mama usoni.

Wiki ya mwisho akaniomba mimi nimkabidhi yule mama hilo gari, yeye atakuwa ametoka kidogo. Nikakataa. Nilikasirika hadi nikashona mkono wa shati ndani nje. Nilimwambia nimemfagilia vumbi la plastiki miaka yote hii, nimemdanganyia watu kwamba anaumwa, na huo mzigo siubebi. Akaguna, akarudi kwenye meza yake.

Jumamosi asubuhi mama akaja amevaa ile sketi. Wakaamkiana, shemeji kwa shemeji, sauti zao zikiwa chini kama watu waliotoka safari ndefu. Kaka akamwekea gari mezani. Kwa kweli lilikuwa zuri. Ule mkwaruzo wa kwenye picha, nyuma ya bega la Sajini, ulikuwepo, mrefu vile vile. Mama akaugusa kwa ncha ya kidole. Kisha akaligeuza gari taratibu, akafika nyuma.

“Shemeji, huu mlango unafunguliwaje?”

“Kwa nje,” kaka akasema. “Una kitasa cha kuzungusha.”

“Kiko wapi?”

Mimi nilielewa nikiwa njiani kwenda kwenye debe la taka. Nikapekua, nikaitoa fremu, nikaiweka mbele yake. Namba arobaini na saba ilikuwa bado inaning'inia pale. Magari kumi na moja rafuni, na hili la kumi na mbili, yote yalikuwa na mlango wa nyuma usioweza kufunguliwa na mtu yeyote.

“Nilizunguka nyuma,” kaka akasema. Alikuwa akizungumza na meza. “Nilikishika. Kilikuwa cha moto, shemeji. Nikakizungusha nusu, nikakiachia. Sikurudi.”

Akafunua kiganja cha kulia, chenye kovu. Lile kovu aliniambia alichomwa na bomba la moshi la lori, nami nikaamini miaka yote.

“Alikuwa anaita?” mama akauliza.

“Alikuwa anagonga.”

Mama hakulia. Alitikisa kichwa kidogo, mara mbili, na nikaona amezeeka pale pale mbele yangu. Sikujua nimwonee huruma nani kwanza. Nilitamani kupata kitu cha kufanya, na mikono yangu haikuona kitu.

“Kiweke,” mama akasema.

Kaka akakata kipande, akakisugua, akakishika kwa kibano. Mkono ukamtetemeka, kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Nikavuka mstari wangu wa chaki, nikamshika kifundo cha mkono kwa mikono yangu miwili, kikatulia. Akachovya kwenye gundi, akakisogeza hadi mlangoni, akasita hapo hapo.

“Kikilala, mlango umefungwa,” akasema bila kuinua macho. “Kikisimama, umefunguka. Wewe unakitaka vipi?”

Mama akafikiri.

“Kiweke ulivyokiacha.”

Nilihisi mshipa wa kaka ukipiga chini ya vidole vyangu. Akakibandika kimeinama, katikati, si cha kufunga wala cha kufungua, akakishikilia mpaka kikashika, ndipo akaachia.

Mama akauliza gundi inachukua muda gani kukauka. Kaka akamwambia robo saa, na asiliguse kabla ya hapo. Mama akavuta kiti changu cha cherehani, akakaa karibu naye kusubiri.